"Bango lipo." Sawa, lipo wapi?

Wadau, kuna maneno mawili ambayo siku hizi yanawatoa watu fedha mfukoni hapa Dar es Salaam bila mtu kushikiwa panga. Maneno yenyewe ni haya: "Bango lipo."

Unapaki gari kwenye jengo la maduka, unaingia kununua mkate na dawa ya mbu, unarudi unakuta tairi la mbele limefungwa chuma cha njano. Unauliza kulikoni. Unaambiwa umevunja masharti. Masharti gani? Yako kwenye bango. Bango gani? Bango lipo. Mjadala umefungwa, lipa elfu hamsini uondoke.

Mimi nasema hivi: bango kuwepo si sawa na bango kusomeka. Kampuni binafsi isiyoweza kuonyesha kwamba dereva angeweza kulisoma bango lake kabla ya kuliacha gari haina haki ya kumdai hata senti tano. Hizi si hasira tu (ingawa hasira ninazo, sikatai). Ni suala la mkataba.

Tuweke mipaka kwanza. Sizungumzii maegesho ya barabarani yanayosimamiwa na TARURA. Zile ni ada za serikali na zina kanuni zake, siku nyingine nitazirudia maana nazo zina mambo. Nazungumzia kiwanja cha mtu binafsi ambaye ameajiri kampuni, kampuni imeajiri vijana, vijana wamepewa vyuma vya kufungia matairi. Kampuni hiyo haina mamlaka ya kumpiga mtu faini. Faini ni ya dola. Kampuni ya ulinzi haiwezi kunitoza faini kama ambavyo mimi siwezi kukutoza faini kwa kukalia kochi la sebuleni kwangu muda mrefu. Kitu pekee kinachoweza kuihalalisha hiyo elfu hamsini ni makubaliano, kwamba wewe ulipoingia ulikubali kuilipa ukizidisha muda.

Haya, makubaliano hayo yako wapi? Hukusaini karatasi. Hukuzungumza na mtu. Mlinzi wa getini alikupungia mkono upite. Kila kitu kiko kwenye bango, maana yake bango ndilo mkataba mzima. Bango likianguka, dai lote linaanguka nalo.

Sasa nikueleze bango lililonigharimu mimi. Jengo silitaji. Getini kuna kitambaa kikubwa cha rangi nyekundu, unakiona tangu ng'ambo ya barabara: KARIBU, MAEGESHO BURE KWA WATEJA WETU. Hicho hata bibi yangu asiyevaa miwani angekisoma. Jumamosi moja nikaingia nacho akilini, nikapaki, nikanunua vitu vyangu, nikala chipsi ghorofa ya kwanza, nikatoka baada ya saa moja na dakika ishirini na kitu. Chuma cha njano kilikuwa kinanisubiri.

Kumbe "bure" ni dakika sitini, na lazima risiti yako igongwe muhuri kwenye meza fulani ndani. Yameandikwa wapi hayo? Nikapelekwa kuonyeshwa. Ukutani, nyuma ya jenereta, kibao cha ukubwa wa sinia, kinatazama upande wa kutokea. Yaani ili ukisome ukiwa kwenye gari lazima uwe tayari unaondoka! Siku iliyofuata nilirudi na futi ya fundi niliyoazima kwa jirani. Herufi za masharti zina urefu wa milimita saba, karibu sawa na punje ya mchele. Kibao kiko mita mbili na nusu kutoka chini. Kutoka sehemu niliyopaki ni hatua kumi na tisa, na jenereta liko katikati. Jioni nilirudi tena, hakuna taa. Na kimeandikwa Kiingereza kitupu.

Hapo kwenye Kiingereza naomba nisimame kidogo. Kitambaa cha kukukaribisha ni cha Kiswahili. Kibao cha kukutoza ni cha Kiingereza. Anayekufunga tairi anakufokea kwa Kiswahili, na kikaratasi ulichopewa baada ya kulipa kimeandikwa Kiswahili kwa kalamu ya bluu, hakina jina la kampuni, wala si risiti ya mashine ya EFD. Hivi ni bahati mbaya tu kwamba katika mlolongo wote huo sentensi pekee iliyohitaji kueleweka ndiyo iliyowekwa katika lugha ambayo madereva wengi wa nchi hii hawaisomi kwa raha? Nauliza tu.

Kijana aliyenifunga sina ugomvi naye. Aliniambia, "Kaka, mimi nafunga tu, kaongee na ofisi." Baadaye alipoona nimetulia akaniambia pia kwamba malipo yake ya siku yanategemea idadi ya magari aliyofunga. Nilishukuru kwa ukweli wake, kwa sababu ulinieleza jambo zima. Biashara ya namna hii haipati kitu kwa dereva aliyesoma bango akatoka kwa wakati. Inapata kwa yule ambaye hakusoma. Sasa niambie, mwenye biashara hiyo ana sababu gani ya kutoa jenereta mbele ya kibao?

Najua watakaosema hizi ni kelele za mwandishi wa habari aliyeumwa na elfu hamsini. Basi twende mahakamani, na safari inaanzia Uingereza kwa sababu ya msingi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa kwa kufuata ile ya India iliyotungwa na Waingereza, na hadi leo mahakama zetu zinaruhusiwa kutumia kanuni za Kiingereza zilizojengwa na hukumu za majaji, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za baada ya hapo hazitufungi, lakini mawakili wetu huzitaja kila siku.

Mwaka 1877 mahakama ya rufani huko iliamua kesi ya mtu aliyeacha begi lake kwenye kituo cha reli London. Alipewa tiketi, na nyuma ya tiketi kulikuwa na sharti kwamba kampuni haiwajibiki kwa mzigo wa zaidi ya paundi 10. Begi likapotea, nalo lilikuwa la zaidi ya paundi 24. Majaji hawakuuliza kama sharti "lipo". Waliuliza kama kampuni ilifanya ya kutosha ili mteja wa kawaida alifahamu. Tazama huo mwaka: 1877. Hao watu walikuwa na farasi, na tayari walishajua kwamba maandishi yaliyojificha si taarifa.

Mwaka 1970 likaja suala la maegesho yenyewe, kesi dhidi ya kampuni ya Shoe Lane Parking. Mpiga tarumbeta mmoja aliingiza gari, mashine ikatoa tiketi, tiketi ikasema masharti yamebandikwa ndani. Aliporudi kuchukua gari aliumia, kampuni ikajificha nyuma ya masharti. Jaji Denning akasema masharti hayo yamechelewa. Ukishaingiza gari na mashine ikatoa tiketi mkataba umekwisha kufungwa, na mashine huwezi kubishana nayo. Na kadiri sharti linavyokuwa kali ndivyo linavyotakiwa kuonyeshwa waziwazi zaidi. Yeye huyohuyo mwaka 1956 alikuwa amesema mengine yangehitaji kuandikwa kwa wino mwekundu na mchoro wa mkono mwekundu unaoyaelekezea. Kibao cha kwetu kina jenereta badala ya mkono.

Lakini kesi ninayoipenda ni ya mwaka 2000, dhidi ya halmashauri ya Waltham Forest, London. Mama mmoja akitoka hospitali alijisikia vibaya njiani, akaegesha pembeni kwenye ardhi isiyo ya umma, akashuka kutapika. Aliporudi gari limefungwa. Bango lilikuwepo, tena la wazi, ila gari kubwa lililopaki jirani lilikuwa limelificha. Mahakama ya rufani ikasema hakuliona, kwa hiyo hakukubali kufungwa, kwa hiyo kumfungia gari kulikuwa kuingilia mali yake isivyo halali. Soma tena hapo. Aliyekosea si aliyepaki, ni aliyefunga.

Uskoti walishatangulia mwaka 1992, majaji wao wakasema kufunga gari la mtu na kudai fedha ndipo ulifungue ni wizi na ni kutoza kwa vitisho. Uingereza na Wales wakapiga marufuku vyuma hivyo kwenye viwanja binafsi kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012. Sisi tunavinunua kwa rangi ya njano.

Sasa niwe mkweli, maana kuna kesi moja ambayo mameneja wa maegesho wangeijua wangeitundika ofisini. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliipa ushindi kampuni ya ParkingEye iliyomdai dereva paundi 85 kwa kuzidisha dakika 56 baada ya saa mbili za bure. Majaji walikubali kwamba kampuni inaweza kutoza zaidi ya hasara yake ili watu wasijaze kiwanja kutwa nzima. Lakini kwa nini ilishinda? Kwenye kiwanja kile cha Chelmsford kulikuwa na mabango yapatayo 20, makubwa, yanayosomeka, kuanzia mlangoni, na kiasi cha paundi 85 kimeandikwa kwa herufi nene. Dereva hakuwa na pa kujitetea kuhusu kuona. Kwa hiyo anayetaka kuitumia kesi hiyo dhidi yangu alete kwanza mabango yake ishirini.

Na hoja yao ya msingi naikubali. Mwenye jengo ana haki na kiwanja chake. Kuna watu wanaacha magari hapo alfajiri, wanapanda daladala kwenda Kariakoo, wanarudi magharibi, na mteja wa kweli anakosa pa kupaki. Watozwe! Kinachotakiwa ni fundi wa mabango: kibao kikubwa getini, kabla gari halijaingia, Kiswahili kwanza, dakika na shilingi kwa herufi zilezile za KARIBU, na taa usiku. Gharama yake haifiki hata magari machache yaliyofungwa. Asiyetaka kutumia fedha hiyo ametuambia mwenyewe anachokitaka.

Sheria yetu nayo haiko kimya. Kifungu cha 13 cha Sura ya 345 kinasema watu wanahesabika wamekubaliana pale wanapokubali jambo lilelile kwa maana ileile. Mimi nilikubali "bure". Wao walikubali "elfu hamsini". Jambo lilelile hapo liko wapi? Kifungu cha 74 kinasema hata mkataba ukitaja kiasi cha kulipa ukiuvunja, anachostahili mdai ni fidia ya kiasi kinachofaa isiyozidi hicho kilichotajwa. Elfu hamsini kwa dakika ishirini na kitu za kiwanja ambacho nusu yake kilikuwa kitupu, wafafanue ufaaji wake. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kitambaa kinachosema BURE bila kusema bure hadi lini, mimi naona kinaingia humo mzimamzima.

Tatizo letu wasomi wa mjini ni kwamba tunalipa na kucheka. "Achana nao, muda ni mali." Wanalijua hilo. Kiasi kimepangwa palepale ambapo ni kikubwa cha kukuumiza na kidogo mno cha kumtafutia wakili. Mwenye bodaboda akifungwa hapo hacheki, hiyo ni hesabu yake ya siku kadhaa.

Mimi nililipa, maana gari nalihitaji kazini, lakini kwenye nakala yao niliandika kwa mkono kwamba nalipa kwa pingamizi. Nimewapelekea barua ya kudai fedha yangu pamoja na picha sita, mchana na usiku, zote nimezipiga nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, na moja yenye futi pembeni ya herufi. Nimewapa siku 14. Zikipita kimya, nitakwenda na picha hizohizo Mahakama ya Mwanzo. Kama na wewe una kikaratasi cha kalamu ya bluu kisicho na jina la kampuni, usikitupe.