Ukiambiwa Luanda, uliza ni ipi

Tangazo lilisema mazishi ni Ijumaa, nyumbani kwa marehemu, Luanda. Mimi nami, bila kuuliza zaidi, nikakata tikiti ya basi la usiku hadi Kisumu, mfukoni nikiwa na bahasha ya mchango wa wenzangu kazini. Marehemu alikuwa baba ya rafiki yangu tuliyesoma naye, mzee aliyenilipia karo ya muhula wa mwisho chuoni wakati mambo kwetu yalipokwenda mrama. Kwa hivyo, wasomaji wapenzi, hayo hayakuwa mazishi ya kukosa.

Kulipokucha niliabiri matatu ya Busia, na baada ya kupita Maseno, makanga akanishusha Luanda, kaunti ya Vihiga. Nikauliza palipo na matanga. Mama mmoja muuza ndizi alinisikiliza nikitaja jina la marehemu, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "hilo ni jina la watu wa ziwani. Wewe unatafuta Luanda K'Otieno."

Luanda K'Otieno iko Siaya, ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali ambapo watu huabiri feri ya kwenda Mbita. Ilinibidi nirudi hadi Kisian, nishike njia ya Bondo, kisha nikate kona Ndori. Magari yalikuwa machache na kila moja lilingoja lijae. Nilifika saa kumi jioni. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa na vijana walikuwa wakikunja mahema.

Rafiki yangu hakunilaumu. Aliniambia mimi nilikuwa wa tatu kupotelea Vihiga siku hiyo, akanishika mkono tukaenda kusimama kaburini.

Katika Kijaluo, lwanda ni mwamba, na mahali penye miamba hapakosekani nchini mwetu. Hata kule Bunyore, iliko Luanda niliyopotelea, mawe makubwa huyaona ukiwa garini. Luanda ya tatu, mji mkuu wa Angola, ni ya ukoo mwingine kabisa. Mji huo ulianzishwa na Wareno mwaka wa 1576, na jina lake lilitokana na kisiwa kilicho mbele yake, ambako zamani ziliokotwa kombe ndogo ziitwazo nzimbu. Kombe hizo ndizo zilizokuwa pesa katika ufalme wa Kongo. Angalau huko nisingefika kwa matatu.

Majina mengine hurudiwa kwa sababu hayasemi lolote la kipekee. Majengo ni majengo tu, ndiyo maana kuna Majengo Nairobi, Mombasa, Nyeri na hata Vihiga. Mikindani nayo iko Mombasa na iko Mtwara, Tanzania.

Lakini yapo majina pacha yaliyozaliwa na msiba mmoja. Nenda Dar es Salaam uulize soko kubwa, utapelekwa Kariakoo. Hapa Nairobi tuna Kariokor, nako kuna soko la vyondo na nyama choma. Yote mawili ni Kiingereza kilichotafunwa na ndimi zetu: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Waafrika walichukuliwa, wengi kwa nguvu, wabebe risasi na chakula vichwani kumfuata Mjerumani Tanganyika. Maelfu kwa maelfu walikufa, na aghalabu si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Wengi hawakuandikiwa hata jina kaburini. Ukipita Kenyatta Avenue, itazame ile sanamu ya watu watatu. Mmoja wao ni mpagazi. Nimewauliza wanafunzi kadhaa wanaopanda matatu Kariokor kila siku jina hilo lilitoka wapi, na mmoja akanijibu kwamba pengine ni la Mhindi aliyekuwa na duka.

Sasa nimealikwa harusi Kaloleni. Kadi ni nzuri, ina maua na riboni, ila haisemi kama ni Kaloleni ya hapa Nairobi, ya Kisumu au ya Kilifi. Nimepiga simu mara mbili. Bwana harusi anasema ni Kilifi, lakini shangazi yake anashikilia ni hapa Nairobi. Nauli ya Pwani sijalipa bado.