Fundi wa Nyumbani: Redio Kuukuu ya Mawasiliano Inaponyamaza

Redio za kupokea na kupeleka sauti zilizotengenezwa Ujapani katika miaka ya 1970, kama vile Yaesu FT-101 na Kenwood TS-520, ni vyombo vizito, takriban kilo 15 kila kimoja. Ziliundwa kwa ajili ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, bila malipo, chini ya leseni ya serikali. Chombo cha namna hii, kikiwa kizima, chaweza kumfikisha mtu wa Kampala hadi Ulaya kwa waya wa mita 20 uliotandazwa juu ya miti miwili. Kikinyamaza, watu wa nyumbani hukiona kuwa chuma chakavu, wakakiuza kwa kilo. Ni hasara ya bure, maana mara nyingi kilichokinyamazisha ni kutu, vumbi au waya uliolegea.

Lakini kabla ya kushika bisibisi, mwenye redio hana budi kujua kwamba ndani yake mna mauti. Valvu mbili kubwa za kupelekea hutumia volti 600 au zaidi, na kapasita huweza kuutunza umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Askari aliyezoea redio ndogo ya betri asidhani kuwa hii ni dada yake. Plagi ichomolewe, redio iachwe kwa muda, kisha umeme uliobaki utolewe kwa rezista yenye mpini usiopitisha umeme, na mita ithibitishe kwamba umekwisha. Mkono mmoja ukae mfukoni, na watoto wakae chumba kingine. Asiye na mita, au asiyejua kuitumia, asiufungue mfuniko, ampelekee fundi.

Jambo la kwanza la kutazamwa liko nje. Umeme wa Uganda ni wa volti 240, lakini redio nyingi za zamani zimepitia mikono mingi na nchi nyingi. Transfoma ya FT-101 yaweza kupangwa kwa volti 100, 110, 117, 200, 220 au 234. Iliyotumika Marekani huenda bado imepangwa kwa 117, na kuichomeka hivyo ukutani Kampala ni kuichoma. Fyuzi nayo isibadilishwe kwa nyingine kubwa zaidi, wala kwa uzi wa waya. Fyuzi inayokatika mara mbili inasema kuna hitilafu ndani, na yafaa isikilizwe.

Redio iliyokaa miaka mingi kabatini isiwashwe kwa nguvu zote siku ya kwanza, kwani kapasita zake huwa zimedhoofika. Mafundi wa zamani huunga taa ya wati 100 katika njia ya umeme unaokwenda kwenye redio, na kuwasha wakati valvu zimezimwa. Taa ikiwaka kwa mwanga mkali kisha ikafifia, kuna matumaini. Ikibaki na mwanga mkali, pana mahali umeme unapita njia ya mkato, na redio izimwe mara moja. Taa hiyo iwe ya waya wa kale. Hizi za siku hizi za kupunguza gharama hazifai kwa kazi hii.

Sasa redio imewaka. Je, inasikia? Katika redio hizi mbili, upokeaji hufanywa na transista, na valvu ni 3 tu, zote za kupeleka. Kwa hiyo chombo kinachosikia vizuri lakini hakipeleki kitazamwe upande wa valvu, swichi yake ya kupasha moto, na waya wa maikrofoni, ambao hukatika ndani ya plagi bila kuonekana. Kisichosikia kabisa kitazamwe kwanza waya wa angani, kisha rilei, ile swichi ya ndani inayobadilisha kati ya kusikia na kusema. Nyuso za rilei husafishwa kwa kupitisha ukanda wa karatasi safi, msasa huzila. Mbao za FT-101 zenye saketi huchomeka katika soketi zake, na wengi wamefufua redio kwa kuzichomoa, kusugua kingo zake taratibu kwa kifutio cha penseli, na kuzirudisha. Mafuta ya taa na petroli yasiingie humo hata kidogo.

Zile skrubu ndogo za koili ziachwe kama zilivyo. Hazikujizungusha zenyewe kabatini, na anayezichezea kwa kubahatisha hugeuza kosa la shilingi chache kuwa kosa la fundi mkuu.

Kupeleka kujaribiwe kwa mzigo wa bandia wa omu 50, si kwa waya wa angani. Valvu zipashwe moto dakika moja au zaidi, na kila jaribio la kulinganisha lisizidi sekunde 10, kwani kupitiliza hapo huchosha valvu ambazo siku hizi hupatikana kwa shida na kwa bei.

Kwa mawimbi ya megahezi 7, waya wa angani hukatwa mita 10 kila upande. Wakati wa mawingu meusi ya Ziwa Viktoria uchomolewe na kutolewa nje ya nyumba kabla radi haijasikika, wala mtu asiuguse ngurumo zikishaanza. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Kiryandongo, ambao hawakuwa na waya wowote juu yao.

Kusema hewani kunahitaji leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda na jina la kituo linaloanza na 5X. Ruhusa ya redio ya kazini, jeshini au polisi, haiifikii redio ya nyumbani. Mpaka leseni itoke, maikrofoni ifungiwe sandukuni, na jamaa wakae jioni wakisikiliza.