Safari ya Mja Mzito Ni Sehemu ya Tiba

Kwa miaka mingi serikali, kwa vinywa vya wauguzi, mabwana afya na viongozi wa vijiji, imekuwa ikiwahimiza wanawake wa shamba waache kujifungulia majumbani na waende katika zahanati na hospitali. Na wanawake, ambao aghalabu husingiziwa kuwa ni wagumu wa kuacha mila, walisikia na wakatii. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila uzazi 100 nchini Tanzania, 63 ulifanyika vituoni. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 81, na makadirio ya vifo vya wazazi yakashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hii ni neema ya kushukuriwa. Walakini wengi wa waliosalia nje ya neema hiyo ni mafukara wa vijijini, na aliyemwita mtu kutoka mbali ana dhima ya kujua atafikaje na atapokewaje. Rai yangu ni kwamba gharama ya safari, na ya kungojea siku ya uzazi, ni sehemu ya tiba yenyewe, na ni haki ilipwe na hazina ya umma kama zilipwavyo dawa na mishahara ya matabibu.

Tutazame delta ya mto Rufiji, upande wa Kibiti, ambako vijiji vimekaa visiwani kati ya mikoko na njia kuu ya watu ni maji. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, maji yakiwa yamekupwa na matope yametokeza mikondoni, hata mwenye chombo tayari hana budi kungoja maji yajae. Yakisha kujaa, hutafutwa mafuta ya mashine. Na mafuta yakisha kupatikana na bara kufikiwa, bado lipo gari la kutafutwa na nauli ya kukopwa.

Maradhi hayana subira hiyo. Mwanamke mwenye siha njema, aliyejifungua bila ya taabu, akianza kutokwa na damu nyingi aweza kufariki katika muda wa saa mbili. Dawa inajulikana, nayo si ya thamani kubwa: sindano ya oksitosini huukaza mji wa mimba na kuizuia damu, lakini sindano hiyo yataka kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, hata zahanati isiyo na umeme wa kutegemewa yaweza kuwa na chupa kabatini ilhali nguvu ya dawa imekwisha kupotea. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kutangazwa mwaka 2023, ulithibitisha kwamba wakunga wakiipima damu kwa mfuko wa plastiki wenye alama, uliotandikwa chini ya mzazi, na kumpa tiba zote kwa pamoja mara waionapo hatari, madhara makubwa ya kutokwa na damu hupungua kwa asilimia 60. Maarifa, basi, yapo. Yanayokosekana ni kumkutanisha mzazi nayo kabla saa hazijapita.

Kuna kizuizi kingine, kidogo kwa kukitazama, kizito kwa aliye maskini. Sera yasema kwamba huduma ya uzazi katika vituo vya umma ni bure, lakini kliniki mama huambiwa aje na glovu, pamba, wembe, uzi wa kitovu, mpira wa kutandika, beseni na kanga safi. Msusi wa ukili hununua glovu mwezi huu na pamba mwezi ujao, akavifunga pembeni mwa kanga yake. Na siku ikimjia kabla mpira haujapatikana, huona haya kwenda kusemwa mbele ya wenziwe, akabaki nyumbani. Haya hiyo si taksiri yake.

Yapo ya kuigwa. Mpango wa m-mama, ulioenezwa nchini tangu mwaka 2022, humwezesha mtu kupiga namba 115 bila ya malipo, na gari la wagonjwa likiwa mbali huitwa dereva wa jamii aliyeandikishwa, naye hulipwa na mpango. Palipo na maji badala ya barabara, nahodha na aandikishwe vivyo hivyo. Kadhalika zipo nyumba za mama ngojea karibu na baadhi ya hospitali, ambamo mwanamke wa mbali, hususan aliyepata kupasuliwa au mwenye mimba ya pacha, hukaa wiki za mwisho; lakini nyumba isiyo na chakula humkaribisha mwenye nacho tu, na huyo si yule tuliyemkusudia. Na mkunga wa jadi, ambaye jirani zake humwamini, apewe posho kwa kumsindikiza mzazi hadi kituoni.

Watu watasema kwamba fedha hazitoshi, na kwamba ni afadhali kujenga chumba cha upasuaji katika kila kata. Kujenga ni kwema, lakini majengo huchukua miaka, na mimba ni miezi tisa. Kwa hiyo madiwani waketipo kuipitisha bajeti ya halmashauri, wananchi na wawaulize bila ya kuona haya: ni chombo gani kitakachomchukua mzazi usiku, mafuta yake yamo katika kifungu kipi, na chakula cha mama ngojea kimetengwa cha siku ngapi. Diwani asiyeweza kuyajibu hayo matatu asiinue mkono wake kuipitisha.