Safari ya Saa Moja na Nusu



Mpwa wangu, mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana, anaishi mwaka huu na familia moja mjini Chicago, Marekani. Juzi alimwomba mamake ruhusa ya kupanda treni siku ya Jumamosi hadi Milwaukee, mwendo wa kilomita 138, akamzuru mwenzake aliyetoka Lamu. Wenyeji wake walikwisha kubali. Dada yangu, hapa Kibokoni, alisita: mtoto wa kike peke yake katika kituo kikubwa kama Union Station?

“Mama,” akasema binti, “miezi mitatu hajasikia Kiswahili ila kwenye simu.”

Idhini ikatoka. Treni ilichukua saa moja na nusu tu. Wasichana wale walipika wali kwa tui la kopo, wakacheka, wakalia, na Jumapili jioni binti akarejea salama.

Nami nimejiinamia. Sahibu yangu amelazwa na maradhi nyumbani kwake Majengo, si mbali na kwangu, na mwezi wa pili huu sijamjulia hali. Leo baada ya Alasiri nitakwenda, inshallah.