Maji na Chombo Chake

Tulikwenda Wazo, katika Wilaya ya Kinondoni, kuhani msiba. Tuliketi barazani pamoja na wazee, na binti mdogo wa nyumba ile akatuletea maji. Jua lilikuwa kali na vumbi la njia lilikuwa limetukausha koo, basi tukapiga bismillahi tukanywa. Funda la kwanza lilikuwa na harufu ya rangi ya ukutani. Hatukusema neno, kwani si adabu ya mgeni kukitia ila kile anachopewa, na zaidi katika nyumba ya matanga. Lakini tulipokwenda uani kutawadha tuliiona ndoo yenyewe: ndoo nyeupe ya lita 20, ambayo karatasi ya kiwanda cha rangi ilikuwa bado imegandama ubavuni mwake, na kando yake madumu manne yaliyojazwa usiku wa jana, maji ya bomba yalipofunguliwa.

Mwenye nyumba ni mtu wa swala tano, na mkewe ni mwanamke nadhifu. Uani kwake hapana jani wala ganda la ndizi. Twalisema hili ili msomaji asidhani kuwa twasimulia habari za watu wachafu. Bibi huyo alipotuona tukiitazama ndoo alituambia, "Maji hayo nimeyachemsha, shekhe wangu, msiwe na wasiwasi." Na alikuwa akisema kweli.

Hapo ndipo penye jambo tunalotaka kulieleza mwezi huu. Kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi, na ni kazi njema ambayo hatumkatazi mtu. Lakini kuchemsha hakuondoi madini ya risasi yaliyokuwa yakitiwa katika rangi, wala chumvi, wala sumu nyingi za kuulia wadudu. Maji yachemkapo, yanayoondoka kwa mvuke ni maji yenyewe, na hivyo vilivyomo hubaki chini katika maji yaliyopungua. Basi vikawa vikali kuliko kwanza. Mama yule alikuwa ameteketeza mkaa wake kwa kumwua adui mmoja, na adui wa pili amemkaribisha ndani kwa mkono wake mwenyewe.

Maji ya bomba ya Wazo hutoka mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini ulijengwa mwaka 1976, na bomba lake kuu lafuata njia ya Bagamoyo, likipita Bunju, Boko na Tegeta hata kufika matangi ya Chuo Kikuu. Maji husafishwa na kutiwa klorini kabla hayajaondoka mtamboni. Walakini mto ukipungua, kama ulivyopungua mwaka 2022 mvua zilipokosekana na jiji likaingia katika mgao, bomba hukaa tupu. Na bomba tupu lenye ufa hunyonya maji ya ardhini yaliyo kando yake, na ardhi ya mitaa yetu imejaa mashimo ya vyoo. Kwa hiyo maji ya mwanzo yanayotoka baada ya mgao yafaa kuachwa yaende katika ndoo ya kudekia. Twajua kuwa ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyengoja maji siku tatu, lakini ni ndoo moja tu.

Wasiofikiwa na bomba hununua kwa maboza au mikokoteni, au huteka visimani. Mlima wa Wazo ni wa mawe ya chokaa, na ndiyo maana kiwanda cha saruji kilianza kazi hapo mwaka 1966. Maji ya visima vya pande hizi za pwani mara nyingi huwa ya chumvi, na sabuni haitoi povu upesi. Chumvi mtu huionja akaijua. Asichokijua ni naitreti, ambayo hutoka katika mashimo ya vyoo na makaro, haina rangi wala harufu wala ladha, nayo yaweza kuidhuru damu ya mtoto mchanga, hasa aliye chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Hiyo nayo haiondoki kwa kuchemsha.

Huenda msomaji akauliza: je, sharia haikutufunza alama za maji mabaya? Imetufunza. Masheikh zetu walitusomesha chuoni kwamba maji mengi yakiingiwa na najisi hutazamwa rangi yake, tamu yake na harufu yake, na kwamba maji machache, yasiyofika qullatein, hunajisika kwa kuingiwa tu. Lakini hukumu hiyo ni ya tohara. Maji ya bahari pale Kunduchi ni tohara, mtu hutawadha kwayo bila ya shaka yoyote kwa hadithi iliyo mashuhuri, na hapana mwenye akili anayempa mwanawe akanywa. Basi tohara ni mlango mmoja na siha ni mlango mwingine, na mwenye nyumba ataulizwa juu ya yote mawili. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, na Kinondoni ndiyo iliyopigwa zaidi katika siku za mwanzo, maji yaliyowapeleka watu vitandani aghalabu yalikuwa meupe, hayana dalili yoyote ya kuonekana. Maradhi hayo yaliendelea katika mikoa kwa zaidi ya miaka miwili. Waliougua walipita 30,000, na waliofariki walipita 500.

Kwa vijidudu iko njia nyepesi kuliko mkaa: vidonge vya klorini vinavyouzwa madukani. Kidonge cha miligramu 67 hutosha lita 20 za maji maangavu. Kitiwe, maji yakorogwe na kufunikwa, yangojewe nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Wazee wetu walitumia shabu kutuliza tope, na wengine mbegu za mlonge zilizotwangwa. Ni ujuzi mzuri, lakini utulivu wa tope si kufa kwa vijidudu, na kidonge bado chahitajika.

Sasa turudi kwenye chombo, kwani huko ndiko kuliko na msiba mkubwa na maneno machache.

Wazo ni mahali pa kujenga. Kila mwaka watu huhamia, huanza na chumba kimoja, wakaongeza cha pili Mungu akijaalia, na ndoo ya rangi haitupwi; huoshwa kwa sabuni ikawa ya maji. Vivyo hivyo madumu. Dumu la manjano lililotoka na mafuta ya kupikia, likioshwa vizuri, hatuna neno nalo. Lakini sokoni huuzwa pia madumu yaliyotoka viwandani na mashambani, yaliyobeba asidi, au kostiki, au dawa ya wadudu. Muuzaji amebandua karatasi na kuyaanika juani, na yote yakawa sawa machoni pa mnunuzi. Plastiki si kama kauri. Hunyonya kidogo kidogo kile kilichokaa ndani yake, na baadaye huyatapikia maji yanayolala humo siku baada ya siku. Kuosha mara saba hakutoshi. Ushauri wetu ni kwamba dumu lililobanduliwa karatasi lisinunuliwe kwa maji hata likiwa rahisi namna gani, na ndoo ya maji ya kunywa inunuliwe mpya, hata ikibidi kungoja mshahara.

Na kuna kosa la upande wa pili, nalo ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Ni kutia sumu katika chombo cha kinywaji. Mafuta ya taa hutiwa katika chupa ya soda. Dawa ya kung'arishia nguo, ambayo wengi wetu huiita jiki, hupimwa dukani na kutiwa katika chupa ya maji. Mabibi wengi wa mitaa yetu, Mungu awabariki katika riziki yao, hupika sabuni ya maji nyumbani na kuiuza katika chupa zilezile walizokunywea watu maji, nayo ina rangi ya kijani au ya machungwa kama sharubati. Mtoto wa miaka miwili hasomi, na hata angesoma, hakuna kilichoandikwa. Anaijua chupa, jana alinyweshwa katika chupa kama hiyo na mamake mwenyewe. Basi kosa ni la nani?

Sheria yetu yakataza mtu kudhuru na kulipiza madhara, na madhara si lazima yawe ya kukusudia. Sisi twaona kuwa anayeuza sabuni katika chupa ya maji bila ya kuandika lolote ana deni kwa mnunuzi, hata kama sabuni yenyewe ni nzuri. Karatasi ndogo yenye neno SABUNI kwa herufi kubwa ni gharama ya shilingi chache. Na kostiki ya kupikia sabuni hiyo yafaa ikae juu, ndani ya kitu cha kufungwa kwa ufunguo. Funda moja la maji yake laweza kuunguza koo la mtoto hata akashindwa kumeza chakula kwa muda mrefu wa maisha yake.

Likitokea la kutokea, mama asimtapishe mtoto. Hii ni desturi iliyoenea, na yadhuru: kostiki iliyounguza koo ikishuka huliunguza tena ikipanda, na mafuta ya taa yanapotapikwa huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Wala asilazimishwe kunywa maziwa wala mawese. Apelekwe hospitali saa ileile, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili tabibu aone alichokunywa.

Jambo jingine dogo tusilolisahau: jiki isichanganywe na dawa ya chooni yenye asidi. Vikikutana hutoa hewa ya klorini inayoziba pumzi, na vyoo vyetu ni vidogo, mara nyingi dirisha lake ni tundu la tofali. Kila kimoja kitumike siku yake. Na mkaa usiwashwe kwa vipande vya plastiki, kwani moshi wake ni sumu kwa yule anayeinama juu ya jiko, na huyo kila siku ni mtu mmoja.

Bwana Mtume (s.a.w.) aliamrisha vyombo vifunikwe usiku na midomo ya viriba ifungwe, akakataza mtu kupumulia ndani ya chombo na kunywa kwa kuweka mdomo kwenye kiriba. Bibi zetu wa pwani waliyashika hayo katika mtungi: mdomo mwembamba, kifuniko, na kata ya mpini mrefu iliyotundikwa mahali pake ili mkono usiguse maji. Ila yake ilikuwa moja, kwamba watoto waliinywea kata ileile na kuirudisha. Siku hizi ndoo yenye kifuniko na koki chini imeiondoa ila hiyo, nasi twaipenda kuliko mtungi, ijapokuwa baridi ya mtungi haina mfano.

Kwa wale wanaochimba visima kwa sadaka, wakiifuata sunna ya Sayyidna Uthman (r.a.) aliyekinunua kisima cha Ruma huko Madina ili watu wanywe bure, tuna ombi. Tumeona misikiti ambayo kisima chake na shimo la choo vyatenganishwa na ukuta tu. Viwe mbali, angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Kisha, kabla ya bomba la kwanza kufunguliwa, chupa moja ya maji ipelekwe maabara ikapimwe, na majibu yabandikwe msikitini pamoja na hesabu za michango.

Matanga yalipokwisha tulimwita mwenye nyumba yule faraghani tukamweleza habari ya ndoo. Hakukasirika, alhamdulillah. Aliuliza neno moja tu: afanye nini na ndoo zile tatu, kwani kuzitupa ni israfu? Tukamwambia kazi hazikosi. Zichotee mchanga na saruji, zidekie choo, zipandwe mchicha wa maua. Lakini kila moja ichorwe msalaba mwekundu pande zote mbili, na watoto waonyeshwe siku hiyohiyo, mmoja mmoja, kuwa hiyo si ya maji ya kunywa.