Cheti Kimjue Mwenyewe

Mhitimu aliyebadili jinsia akienda kuomba kazi, bahasha yake hubeba majina mawili. Kitambulisho kina jina analoitwa leo, cheti cha shahada kina jina alilopewa utotoni, na kwenye matokeo ya mitihani kuna herufi moja inayotaja jinsia ambayo sura yake haiiungi mkono. Afisa wa ajira anasoma, anainua macho, anasoma tena. Kisha linakuja swali ambalo mwombaji mwingine kwenye foleni ile hataulizwa: hivi vyeti ni vya nani? Miaka minne ya mihadhara, maabara na mikopo ya ada inageuka kuwa tuhuma ya wizi.

Toleo hili tumelitoa kwa kumbukumbu za vyuo vikuu, na msimamo wetu nausema mapema. Mhitimu aliyebadili jina lake kisheria ana haki ya kupewa cheti chenye jina hilo, na alama ya jinsia haina kazi kwenye hati ya elimu.

Kenya imekwisha kulijadili jambo hili mahakamani. Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alifanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, mwaka 2001 akapata A-. Cheti kilitoka na jina la kiume na alama ya kiume. Alipoliomba Baraza la Mitihani, KNEC, lirekebishe, lilikataa, naye akaenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliagiza baraza limpe cheti kipya chenye jina la Audrey, kisicho na alama ya jinsia. Hoja yake moja nadhani kila msajili wa chuo angepaswa kuijua: mtahiniwa hapewi maksi kwa sababu ya jinsia yake, kwa hiyo kuiondoa alama hiyo hakukipunguzii cheti thamani yoyote.

Hukumu ile ilihusu cheti cha sekondari, lakini chuo kikuu hakiwezi kusema haikihusu. Jina la mwanafunzi huingia chuoni likitoka kwenye cheti cha sekondari, na hapo husambaa: kadi ya mwanafunzi, orodha za mitihani, nakala ya matokeo, kitabu cha mahafali, tasnifu iliyowekwa maktaba. Kosa la chanzo hunakiliwa mara ishirini. Na chuo chenyewe kina wajibu wake. Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinalinda utu wa kila mtu. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa zisizo za kweli au zinazopotosha, ikiwa zinamwathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inatambua haki ya kurekebishiwa taarifa binafsi, na chuo kinachotunza majina ya maelfu ya watu hakiko nje ya sheria hiyo.

Kuna pingamizi moja ambalo silichukulii kwa wepesi. Wasajili husema cheti ni ushahidi wa siku ya mahafali: siku ile aliyeitwa jukwaani aliitwa kwa jina hili, na kulibadilisha ni kuandika historia upya. Wanaongeza kwamba nchi imejaa vyeti bandia. Ni kweli. Mapema mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza kwamba ukaguzi ulikuwa umefichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi miongoni mwa watumishi wa umma. Msajili anayeogopa kufungua mlango ana sababu ya kuogopa.

Lakini pingamizi hilo linachanganya daftari na cheti. Daftari hukaa ofisini, limefungwa, likihifadhi kila kilichotokea. Cheti hutoka nje kumsemea mwenyewe. Katika daftari nambari ya usajili haiguswi, masomo hayaguswi, alama haziguswi. Jina jipya linaandikwa chini ya nambari ileile pamoja na hati ya kubadili jina, na cheti cha zamani kinarudishwa na kubatilishwa. Mghushi hawezi kuipita njia hiyo, kwa sababu hana nambari wala daftari linalomtambua. Shaka hubaki pale chuo kinapokataa kusahihisha, kikamwacha mhitimu halali akizunguka na karatasi zinazokanushana.

Mimi mwenyewe cheti changu cha kwanza kilikuja na herufi moja imekosewa katika jina la baba. Niliandika barua, nikaambatisha kitambulisho, na baada ya majuma mawili nikachukua kingine. Karani hakuniuliza lolote kuhusu mwili wangu. Kila nikikumbuka wepesi ule naona kwamba ofisi zetu zinajua kusahihisha jina. Kinachozizuia ni mtu anayeomba.

Karatasi mpya peke yake haitoshi, na hapa nawaomba wakuu wa vyuo wasome kwa makini. Mwajiri akipiga simu kuthibitisha shahada, karani anaweza kujibu kwamba hamna mhitimu wa jina hilo, na kazi imepotea. Au anaweza kusema, kwa nia njema kabisa, “Ah, zamani aliitwa fulani,” na siri ya mtu imeenea ofisi nzima kabla hajaripoti kazini. Mfumo wa uhakiki uonyeshe jina jipya, na jina la zamani lionwe na wachache wanaojulikana. Tasnifu iliyoko mtandaoni irekebishwe pia. Profesa anayeandika barua ya mapendekezo aambiwe jina sahihi ni lipi.

Kwingine hili limekwisha kuandikwa. Nchini India, kanuni za 2020 zilizotungwa chini ya sheria ya mwaka uliotangulia zinataja vyeti vya elimu kati ya hati ambazo mtu aliyebadili jinsia anaweza kurekebishiwa. Kwetu mwenye haki hiyo bado hulazimika kuanza na wakili, na wakili ana bei.

Kiswahili, kwa bahati, kimetutangulia. Tukisema “amehitimu” hatujataja mwanamume wala mwanamke. Tumetaja mtu na kazi aliyoikamilisha, na hicho ndicho chuo kinachothibitisha kinapopiga mhuri.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa toleo hili tumeweka fomu ya maombi tuliyoiandaa kwa ajili ya ofisi za wasajili. Ina nafasi ya nambari ya usajili, jina la sasa kisheria, nambari ya hati ya kubadili jina, na sahihi. Hatukuweka nafasi ya maelezo ya daktari. Msajili anaweza kuikata na kuanza kuitumia Jumatatu.