Kusamehe si Kupatana: Funzo Lililosahaulika katika Kisa cha Zakayo

Hapana shaka kwamba 'msamaha' ni miongoni mwa maneno yanayosikika mno katika makanisa yetu nchini Kenya. Kila baada ya maafa yaliyoletwa na mkono wa binadamu, waumini huhimizwa wasamehe, na wanasiasa nao huidakia kauli hiyo kwa furaha. Himizo hilo ni jema. Ukristo usiokuwa na msamaha ni Ukristo wa jina tu. Hata hivyo, liko swali tunaloliepa. Mbona aliyedhulumiwa ndiye anayehubiriwa kila mara, ilhali aliyedhulumu haambiwi kitu? Rai yangu ni kwamba tumeyachanganya mambo mawili, yaani kusamehe na kupatana, na mchanganyiko huo umewafaa wadhalimu kuliko wadhulumiwa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna bahati, kwa kuwa lugha yenyewe imekwisha kuyatenganisha mambo haya. Kitendo cha kusamehe chaweza kutendwa na mtu mmoja. Mjane aweza kumsamehe aliyemuua mumewe hata kama muuaji huyo ametoroka, amekufa au hajali. 'Patana' ni kitenzi cha namna nyingine. Kauli yake ni ya kutendana, na hudai watendaji wawili. Mtu hapatani peke yake. Kadhalika, tuutazame usemi 'niwie radhi'. Anayeutamka anamsihi mwenzake awe radhi naye, na kwa hiyo uamuzi hubaki kwa aliyekosewa. Kumwambia mtu 'samehe, mambo yameisha' ni kumpokonya uamuzi huo.

Historia ya taifa letu inaonyesha gharama ya mkanganyo huu. Mnamo Agosti 1963, Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwahutubia walowezi mjini Nakuru akitaka pande zote zisamehe na kusahau. Hotuba ile ilituliza hofu. Lakini aliyekuwa na ardhi aliendelea kuwa nayo au akalipwa alipoiuza, na wengi waliopoteza mashamba na viungo vya mwili msituni na katika kambi za kizuizini wakaachiwa kazi ya kusahau. Marufuku dhidi ya Mau Mau yenyewe haikuondolewa hadi 2003. Ilibidi kungojwe hadi Juni 2013 ndipo serikali ya Uingereza ilipoeleza majuto yake na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 wa mateso hayo. Nusu karne ilikuwa imepita, na wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Tulirudia yaleyale baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari 2008, wanawake na watoto waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo. Februari mwaka huo, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Ungamo lile lilihitaji ujasiri. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Neno la radhi lilitoka siku moja. Fedha zikawa za kungojwa mwaka baada ya mwaka. Machi 2018, vigogo wa siasa wakapeana mikono na taifa likaambiwa limepatana. Waliopoteza jamaa zao katika ghasia za 2017 hawakuwa katika mkono wowote kati ya ile miwili.

Wapo watakaopinga kwamba Yesu aliwaombea msamaha waliomsulubisha kabla hawajatubu, na kwamba alimtaka Petro asamehe pasi na kuhesabu. Pingamizi hili lina uzito. Msamaha wa moyoni ni neema, na humwopoa aliyekosewa katika chuki ambayo ingemla yeye kabla ya kumla adui yake. Lakini Yesu huyohuyo alimwagiza anayeleta sadaka, akikumbuka kwamba nduguye ana lalama dhidi yake, aiache madhabahuni aende kwanza kwa nduguye. Anayeagizwa kwenda ni aliyelalamikiwa, wala si mwenye lalama. Tena watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walitumia hapo kitenzi 'patana', si 'samehe'. Walijua walichokuwa wakifanya.

Tangu 2023 jina la Zakayo limevuma nchini kwa sababu nyingine. Wakenya waliolemewa na ushuru walimpachika Rais William Ruto jina hilo, na katika maandamano ya Juni 2024 vijana wakamtaka Zakayo ashuke. Walimkumbuka mtoza ushuru na mkuyu wake, lakini kushuka mkuyuni ni mwanzo tu wa kisa. Zakayo aliposhuka, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia kila aliyempunja mara nne ya alichomnyang'anya. Hakuahidi kukarabati sinagogi wala kuandaa harambee. Mali ilirudi kwa wenyewe, na hapo ndipo wokovu ulipotangazwa nyumbani mwake. Ni wangapi wanaoketi viti vya mbele makanisani mwetu ambao wamewahi kuulizwa ni nani waliyempunja?

Mtaniambia kwamba wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naam, walisema. Ila methali hiyo huhusu yaliyopita. Shamba lililotwaliwa jana na ambalo leo linalimwa na aliyelitwaa halijapita. Bado lipo, na mazao yake yanauzwa sokoni. Wahenga haohao walitukumbusha kwamba mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Kwa hiyo, wito wangu ni kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ambao wengi wetu ni waumini na baadhi yetu tutashika mimbari, kalamu na vipaza sauti vya nchi hii. Tunapohubiri, kutafsiri au kuandika, tusiliite pato la upande mmoja mapatano. Tumhimize aliyekosewa asamehe, kwa upole na bila kumharakisha. Kisha tumgeukie aliyekosa na kumwambia kwa sauti ileile: rejesha. Pasipo neno hili la pili, la kwanza litaendelea kuwa mzigo mwingine anaotwishwa aliyekwisha kulemewa.